Wanja wa Nyusi na Amana ya Jina Lake

Leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo na la akina mama peke yao, nalo ni wanja unaopakwa nyusi na macho, na ukweli wa jina unaouziwa. Tutaonesha, Inshallah, kwamba jambo hili linamhusu mnunuzi, muuzaji, mume anayetoa fedha, na zaidi ya wote mtoto mchanga ambaye hana kauli juu ya kile anachopakwa.

Katika mwambao wetu, kuanzia Jasini na Moa mpakani mwa Kenya hadi Tanga mjini, Kigombe na Pangani, wanja si mgeni. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofukua magofu ya Kilwa walikuta vijiti vya shaba vya kupakia wanja, ishara kwamba bibi zetu walijipamba kwa bidhaa hii karne nyingi zilizopita, na majahazi ya pepo za kaskazini yaliileta pamoja na vyungu na nguo. Hadi leo, inapofika Shaabani kabla ya mwezi mtukufu, na tena Mfunguo Mosi, harusi zinapofuatana nyumba hadi nyumba katika mitaa ya Ngamiani, Chumbageni na Makorora, hakuna biharusi anayetoka bila ya nyusi kutengenezwa. Na mtoto akizaliwa, mara nyingi hata kabla ya arobaini hupakwa wanja machoni na kuchorwa nyusi, ili apendeze au, kama wengine wanavyodai, ili jicho la hasidi limpite.

Dini yetu haikuuchukia uzuri. Mtume (S.A.W.) aliusifu wanja wa ithmidi, na Waislamu wameipokea habari hiyo katika vitabu vya Hadithi kwamba ithmidi husafisha macho na kuotesha nywele za kope. Kwa hiyo hatuandiki makala haya kumkataza dada yetu asijipambe katika mipaka ya sheria. Tunaandika kwa sababu jina jema likishapata heshima katika nyoyo za watu, wapo wanaolichukua na kulibandika juu ya kitu kingine.

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: tukisema "wanja wa manga", tunakusudia kitu gani? Ukienda dukani utapewa unga mweusi katika kichupa kidogo, au katika kikopo chenye picha ya jicho, au ndani ya karatasi iliyokunjwa. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa kimaabara kuhusu wanja unaotumika Oman, nchi ambayo watu wengi wa mwambao wana jamaa zao huko. Wataalamu walikuta kwamba chini ya jina lile lile moja kulikuwa na vitu viwili vilivyo mbali kama mbingu na ardhi. Upo wanja uliokuwa masizi matupu, yaani kaboni, na upo uliokuwa galena, yaani jiwe linalotoa madini ya risasi. Kwa macho yote ni meusi, na yote huitwa wanja. Lakini moja ni moshi wa taa, na jingine ni sumu.

Neno sumu hatulitumii kwa kutia chumvi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Risasi ikiingia katika mwili wa mtoto huathiri ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na huleta upungufu wa damu. Mama mjamzito aliye nayo mwilini humpitishia aliye tumboni. Wala hapana haja ya mtoto kuula wanja kwa kijiko: hulifikicha jicho kwa mkono, kisha mkono ule huutia mdomoni, na baada ya saa moja hufanya vivyo hivyo tena.

Mwaka 2011, katika mji wa Boston nchini Marekani, mtoto mchanga wa familia yenye asili ya Nigeria alipopimwa alikutwa na risasi katika damu. Wazazi wake hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakimpaka wanja wa kwao uitwao tiro, ulionunuliwa sokoni Nigeria, kwa mapenzi yale yale ambayo mama wa Pangani humpaka mwanawe. Wanja ule ulipopelekwa maabara, zaidi ya asilimia 80 ya unga ilikuwa ni risasi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijauruhusu wanja wa aina hiyo kuwa rangi ya vipodozi, na Jumuiya ya Ulaya imeipiga marufuku risasi na michanganyiko yake kutiwa katika vipodozi.

Sasa tuangalie ubaya ulivyo maradufu. Muuzaji anapoujaza unga wa galena katika kichupa na kukiandika "ithmidi ya sunna", hakumdanganya mnunuzi peke yake, bali amemtumia Mtume wa Mwenyezi Mungu kuwa dalali wa bidhaa yake. Mama masikini hununua kwa imani, na imani hiyo ndiyo inayomzuia asiulize. Tunasema wazi: jina la sunna haliwi kinga ya bidhaa isiyopimwa. Kinyume chake, kila anayelitaja jina hilo juu ya kopo lake amejibebesha mzigo mkubwa zaidi wa kuthibitisha.

Kutoka katika wanja tuje katika piko, kwani siku hizi wapambaji wengi huipaka nyusi ili rangi idumu siku nyingi. Piko huitwa pia "hina nyeusi", na hapa ndipo penye uongo wa jina. Hina ni jani la mti unaojulikana, linalosagwa na kukorogwa, na rangi yake huanzia ya machungwa hadi ya kahawia iliyokolea. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi tititi kwa muda wa nusu saa. Weusi ule wa haraka mara nyingi hutokana na dawa ya kutia nywele rangi, yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Kemikali hiyo ikimkataa mtu, ngozi huwasha, huvimba na kutoka malengelenge, na huenda pakabaki kovu. Aliyekwisha kudhurika mara moja, mwili wake huwa na uadui nayo maisha yake yote, hata akitumia kidogo. Ndiyo maana makasha mengi ya dawa za nywele huandikwa onyo kwamba isitumike kwa nyusi wala kope. Onyo hilo huandikwa kwa herufi ndogo na katika lugha ambayo mpambaji hakuisoma, kisha kasha hutupwa, na biharusi huambiwa: hii ni hina.

Dunia imekwisha kulipia somo hili. Katika mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa dawa ya kutia rangi nyusi na kope iitwayo Lash Lure, yenye kemikali ya jamii hiyo hiyo. Ilitangazwa kwa maneno matamu na kupakwa katika saluni za heshima. Wanawake walivimba macho, wapo waliopofuka, na mmoja alifariki dunia. Serikali haikuweza kuiondoa sokoni, kwa kuwa sheria ya mwaka 1906 iligusa vyakula na dawa tu, na vipodozi vilikuwa nje yake. Ilibidi lingojewe hadi mwaka 1938 ndipo Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria mpya, na bidhaa hiyo ikawa miongoni mwa za mwanzo kukamatwa. Miaka 5 ilipita kati ya jicho la kwanza kupofuka na sheria kuwepo.

Sisi Tanzania hatuwezi kutoa udhuru wa kukosa sheria. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, iliyosimamiwa na TFDA. Mwaka 2019 mamlaka hiyo ilibadilishwa ikawa TMDA, inayoshughulikia dawa na vifaa tiba, na kazi ya kusimamia vyakula na vipodozi ikahamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Ipo pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ya Ushindani huitumia dhidi ya bidhaa bandia, yaani zile zinazoiga nembo ya mwingine kwa kubadili herufi moja au mbili. Viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki navyo vina orodha ya viambato visivyoruhusiwa katika vipodozi.

Pamoja na hayo yote, wanja hupita katikati ya vidole. Ukimuuliza muuzaji kwa nini bidhaa yake haina usajili wa vipodozi, atakwambia hiki si kipodozi bali ni dawa ya macho ya asili. Ukimuuliza kibali cha dawa, atakwambia hii si dawa bali ni pambo la sunna. Hivyo bidhaa moja huwa na majina matatu, na kila jina hutumika kuikimbia sheria ya jina jingine. Kwa upande wa mwambao wetu, njia za kuingilia ni nyingi: lipo lango la Horohoro lenye maofisa, lakini vipo pia vijia vya porini na bandari bubu zilizoko kando ya pwani, ambako mzigo wa begi moja hauulizwi na mtu.

Hata hivyo, Muislamu hangoji ofisa. Katika Sura ya Al-Mutaffifiin Mwenyezi Mungu amewatolea onyo kali wale wanaopunja vipimo. Na tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni Madina, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka na vidole vyake vikakuta umajimaji chini. Mwenye mali alijitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Mtume hakumlaumu kwa mvua, bali alimuuliza kwa nini asiuweke ule uliorowa juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika mwenendo wetu. Tuizingatie hukumu hiyo. Nafaka ile ilikuwa nafaka kweli, nayo haikuwa sumu. Kosa lilikuwa kuficha. Basi itakuwaje kwa yule ambaye juu ameweka jina la ithmidi na chini yake pana risasi?

Wanazuoni wa fikihi wameliweka wazi jambo hili katika milango ya biashara. Bidhaa yenye aibu iliyofichwa, mnunuzi anayo haki ya kuirudisha. Na Hadithi ya Hakim bin Hizam inatufundisha kwamba wauziana wawili wakisema kweli na kubainisha, mauzo yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka huondolewa. Wahenga wetu nao walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa inayohitaji jina la uongo ili ipate mnunuzi imekwisha kujitolea ushahidi yenyewe.

Wapo watakaosema: "Bibi yetu alipaka wanja miaka 80 na hakupofuka." Tunawajibu kwa heshima kwamba huenda wanja wa bibi ulikuwa wa masizi ya taa na mafuta, alioufanya kwa mkono wake mwenyewe na kuujua. Tena madhara ya risasi hayapigi kelele. Mtoto aliyepungukiwa na wepesi wa kuhifadhi juzuu yake chuoni haandikwi usoni sababu yake. Wapo pia wauzaji watakaosema kwamba wao ni masikini na walinunua kwa jumla bila ya kujua. Kutojua kwa mara ya kwanza huenda kukawa udhuru. Lakini mwenye kuendelea kuuza kitu asichokijua, akakitolea ushahidi kwamba ni salama, amesema asilolijua.

Je, dada yetu afanye nini? Kwanza, aulize. Tunakumbuka habari ya Ummu Yaaqub, mwanamke wa Bani Asad, aliyemwendea sahaba Abdullahi bin Masuud baada ya kusikia kwamba anaeleza laana juu ya wenye kutinda nyusi na kuchanja ngozi. Alimwambia kwamba amesoma msahafu wote na hakuliona jambo hilo. Sahaba hakumkaripia kwa kuuliza, bali alimpa dalili yake kutoka katika Qur'ani yenyewe. Juu ya hukumu ya kutinda nyusi na mipaka yake, msomaji awarejee masheikh wake. Sisi hapa tunachukua funzo moja: ikiwa mwanamke alimwomba sahaba wa Mtume dalili, basi mwanamke wa leo asione haya kumwomba muuza duka dalili ya kopo la wanja.

Pili, asome kasha kabla ya kutoa fedha. Kipodozi cha kweli huwa na jina la mtengenezaji na mahali alipo, orodha ya viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi. Penseli nyingi za nyusi hutiwa rangi kwa kaboni au kwa kutu ya chuma iliyosafishwa, na viambato hivyo huandikwa wazi. Kichupa kisicho na maandishi, au unga uliopakiwa upya mbele ya duka, uachwe hata ukiwa wa bei nafuu. Maneno kama "asili", "halali" na "haina madhara" ni madai ya muuzaji, hayachukui nafasi ya orodha ya viambato.

Tatu, ajaribu kabla ya kupaka usoni. Apake kidogo ndani ya kiwiko na kusubiri siku 2. Pakiwasha au kuvimba, asiitumie. Asikubali piko juu ya nyusi kwa hali yoyote, hata kama harusi ni kesho. Penseli ya rangi iliyo karibu na nywele zake, ikivutwa kwa mikwaruzo midogo kufuata uoto wa nyusi, hutosha kumpendezesha, na jioni huondolewa kwa mafuta laini. Kijiti au penseli ya mmoja isipite katika macho ya nyumba nzima, kwani ugonjwa wa macho huhama kwa njia hiyo.

Nne, akumbuke udhu wake. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ndio wengi katika mwambao huu, nyusi ni sehemu ya uso, na maji yanapaswa kufika katika nywele na ngozi iliyo chini yake. Rangi isiyo na mwili haizuii maji, lakini tabaka la nta linalouzwa kwa sifa ya kutotoka kwa maji huenda likazuia, basi liondolewe kabla ya kutawadha.

Tano, na hili ndilo tunalolisisitiza zaidi: mtoto mchanga asipakwe wanja wowote, si machoni wala juu ya nyusi. Kinga ya mtoto dhidi ya hasidi ni dua na Sura za Al-Falaq na An-Nas, nazo hazina risasi ndani yake. Mama ambaye amekuwa akimpaka mwanawe wanja asioujua ampeleke kituo cha afya, naye aeleze waziwazi kile alichokuwa akipaka.

Akina baba nao wasijitoe. Mume anayetoa fedha za pambo na kutaka mkewe apendeze, kisha akamlaumu kwa kuchagua kopo la bei kubwa kidogo lenye maandishi, ajue kwamba akiba hiyo huenda ikaishia hospitali. Wapambaji na masomo wa harusi tunawaomba wahifadhi makasha ya dawa wanazotumia na kumwonesha biharusi kabla ya kumpaka. Walimu wa madrasa na maimamu wa Tanga, Pangani, Muheza na Mkinga tunawaomba walitaje jambo hili wanapofundisha milango ya biashara, kwa sababu milango hiyo haikuandikwa kwa ajili ya ngano na tende pekee.

Kwa TBS tunatoa ombi moja lililo wazi. Wanja unaouzwa kwa unga katika masoko ya pwani uhesabiwe kuwa kipodozi, ununuliwe madukani kama mnunuzi wa kawaida anavyonunua, upimwe, na majibu yatangazwe kwa Kiswahili: upi ni masizi, upi ni risasi. Wafanyabiashara waaminifu, nao ni wengi, hawatapata hasara kwa tangazo hilo, kwani wanaoumia sasa ni wao, wanaposhindanishwa na uongo ulio wa bei rahisi.

Wahenga walituonya juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Huo ulikuwa na nafuu, kwani mti haumdhuru mtu. Jina la bidhaa ni ushahidi, na kila mwenye kuliandika, kulitamka au kulinyamazia ataulizwa juu ya ushahidi wake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kusema kweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu, na awahifadhi watoto wetu macho yao na akili zao. Amin.

Wabillahi tawfiq.